Jemadari Kapambwa, Wapambe Wake Uchi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, mwanangu, na nikianza tu kuisimulia mikono inaniwasha kutafuta brashi. Ilikuwa asubuhi, nimekaa ukumbini kwa bibi yangu mzaa mama, hapa hapa Bagamoyo, nachekecha hina ya harusi. Mjomba wangu Sefu akaingia amekumbatia sanduku la bati. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake hayabanduki kwenye vidole vyangu. Akaliweka sanduku mkekani, akafungua kifuniko, akasema, "Mwanaidi, nataka unipambie jeshi langu."

Nilicheka. Nikachungulia ndani nikakuta watu wadogo wa plastiki, hawazidi urefu wa kidole gumba, wote rangi ya kijivu, wamejaa tele kama dagaa kwenye sinia. Wenye mikuki, wenye pinde, wapanda farasi, mpiga ngoma. Nikamchukua mmoja nikamsogeza karibu na macho. Mwanangu, alikuwa na kucha. Mtu mdogo kiasi kile, vidoleni ana kucha, na mkanda wake una tundu za kufungia. Kicheko kikaniishia. Moyo ulianza kunidunda pale pale, na nakwambia kweli, mpaka leo nikifungua boksi jipya unadunda vilevile.

Nikueleze kwanza watu hao ni wa nini, maana siku zile hapa mjini hakuna aliyewajua. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo, kazi yake kule chini kwenye injini. Safarini wenzake walimfundisha mchezo wa vita vya mezani. Kila mtu ana jeshi lake. Majeshi mawili yanapangwa juu ya meza kubwa yenye vilima na mito ya kubuni, mwendo wa askari unapimwa kwa futi kama ile ya fundi cherehani, na dadu ndizo zinazosema nani kapigwa na nani kasalimika. Si mchezo wa dakika chache. Unaweza kuanza baada ya kifungua kinywa na laasiri ikakukuta bado unakuna kichwa.

Mshindani wake alikuwa Mzee Chande wa Mapinga, aliyekuwa serahangi wao melini, yaani msimamizi wa mabaharia. Huyu alikwisha kustaafu, amejenga kwake, na chumba kizima alikitenga kwa ajili ya ile meza. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu: jeshi lisilopakwa rangi halichezi. "Jeshi uchi halikanyagi meza yangu," ndivyo alivyokuwa akisema. Kwake yeye, asiyejali kumvisha askari wake hana haki ya kumpeleka vitani.

Sasa mjomba angewapakaje rangi? Melini bomba la mvuke lilipasuka likamuunguza mikono yote miwili. Ilipona, lakini ikabaki na mtetemo usiokwisha. Aliporudi nyumbani alikuwa akienda barazani kunywa kahawa na wenzake, na kile kikombe kidogo kinamwagika kabla hakijafika mdomoni, na wenzake wanajifanya wanatazama barabara. Mwisho akaacha kwenda. Akawa mtu wa kukaa ndani, yeye na redio yake. Mzee Chande akimpigia kumuuliza jeshi limefika wapi, anajibu, "Bado napaka." Alijibu hivyo miaka na miaka, kwa kuona haya tu.

Wiki ile ndipo alipopata habari kwamba Mzee Chande anahamia Mwanza kwa mwanawe. Jumamosi inayofuata Idi ndiyo ya mwisho, baada ya hapo meza inavunjwa. Mjomba hakuniambia kwamba mchezo ule ndio kitu pekee kilichobaki cha kumtoa nje ya nyumba. Hakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona.

Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Usidhani ni huruma peke yake, mwanangu. Nilikuwa msichana mwenye kujisikia. Bibi yangu, Bi Zuhura, alikuwa mpambaji wa maharusi aliyeitwa mpaka Fukayosi na Vigwaza, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa na mkono, na nilijua kuwa ninao. Piko, ile hina nyeusi, nilikuwa nachora kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa ncha, ua lenye jani ndani ya jani, na wasichana wa mtaa walikuwa wanagombania nafasi kwangu. Lakini kumpamba bibi harusi mwenyewe, Bi Zuhura alikuwa hajaniachia. Basi nilipowaona wale watu wadogo nikajisemea, hapa ndipo ninapotoka.

Mjomba akawa anawatoa mmoja mmoja, kwa shida, ananitajia vyeo vyao. "Huyu juu ya farasi ndiye jemadari. Na huyu anayesimama nyuma yake, mwenye bendera, ni mpambe wake."

"Mpambe?" nikauliza. Kwetu sisi mpambe ni wa harusini, yule anayemvisha bibi harusi na kukaa ubavuni mwake. Mjomba akanicheka. Akaniambia wakubwa wa jeshi nao wana wapambe. Hujamwona afisa anayesimama nyuma ya rais? Neno ni lile lile. Bibi alikuwa jikoni, akasikia, akaguna kidogo akaendelea na shughuli zake.

Kuhusu bibi, mapema kabisa alikwisha kusema lake. "Vyenye nyuso mimi sivitii mkono," alimwambia mwanawe. Mjomba akajitetea kuwa ni vichezeo tu. Bibi akamjibu, "Ndiyo maana sijakutoa navyo ukumbini."

Nikaanza na jemadari. Ungeanza na nani, na wewe? Alikuwa na joho linalopepea, kofia yenye manyoya, upanga, farasi mwenye shogi za kusukwa, ile mifuko ya ubavuni. Nilimsugua kingo kwa tupa ya kucha, nikampiga andakoti nyeupe, yaani rangi ya kutangulia, niliyoomba kwa mpaka rangi wa magari, nikambandika juu ya kizibo cha soda ili nipate pa kushika. Rangi mjomba alikuja nazo kutoka safarini, vichupa vidogo vidogo, vingine vimekauka, vingine vizima kabisa. Nilijifunza mwenyewe kwamba rangi ile haitaki kuwa nzito. Uipunguze kwa maji, uipake, ikauke, uipake tena. Joho nikalitia nyekundu. Pindo la joho nikalitia dhahabu, na juu ya dhahabu nikachora kwa njiti maua ya piko, madogo mpaka ilibidi nizuie pumzi.

Halafu nikagundua kitu kilichonirusha roho. Nilikuwa na maji meusi ya kuoshea brashi, tone likaanguka kwenye joho. Nikashtuka, nikataka kufuta, kisha nikaona lile tone linatiririka lenyewe na kujificha ndani ya mikunjo. Joho likawa joho. Mikunjo ikaonekana, uso ukapata mashavu, vidole vikaachana kimoja kimoja. Nilisimama nikaenda mpaka uani nikarudi, kwa furaha tu, sina ninachokifuata. Nani alikuwa amenifundisha? Hakuna. Kitu kilikuja chenyewe mbele ya macho yangu.

Macho nikamwekea wanja. Mjomba alipomwona alicheka mpaka akakaa chini: "Huyu jemadari au bibi harusi?" Lakini alikuwa anamgeuzageuza, hataki kumrudisha.

Basi nikanogewa. Kila nikimaliza naona pa kuongeza. Hatamu nikaitia nukta za fedha. Ngao nikaichora mwezi na nyota, nikaufuta, nikauchora upya. Na nikawa nazunguka naye mtaani, nimemfunga kwenye pindo la kanga, namfungua mlango kwa mlango. Watu wanashangaa, nami navimba kichwa. Mjomba akiniuliza wengine vipi, namwambia, "Usijali mjomba, huyu ndiye mgumu." Idi ikaingia, ikapita, na jemadari wangu akawa bado ananiambia kuna mahali sijamaliza.

Siku moja katika hizo nikampelekea bibi. Alikuwa anakunja nguo. Nikamweka jemadari kwenye kiganja changu, nikakinyoosha mbele yake. Alimtazama kwa muda mrefu, bila kumgusa.

"Umempamba kweli kweli," akasema. Mwanangu, nilihisi nimeota mbawa. Kisha akauliza, "Na wale wengine?"

"Bado, bibi."

"Wanatoka lini?"

"Jumamosi hii."

Akaiweka chini nguo aliyoshika. "Ukienda harusini ukamkuta bibi harusi anang'ara, na wapambe wake wamekaa na kanga za jikoni, utasemaje?"

Nikamjibu kwamba nitasema wapambe hawajui kuvaa.

"Hakuna atakayesema hivyo. Watasema bibi harusi hana watu." Akanitazama usoni. "Mjomba wako umemtengenezea mtu asiye na watu. Unadhani ndicho alichokuomba?"

Hakupandisha sauti. Angenigombeza ningenuna, ningejipa haki. Lakini neno lile, hana watu, lilinikaa. Hapa pwani mtu anaweza kukosa vyote akastahimili. Akiambiwa hana watu, basi. Nikamfikiria mjomba na redio yake, nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Bibi akaokota nguo yake, akaniuliza kana kwamba tunazungumza mambo mengine, "Bakuli la hina nikishalikoroga, huwa nafanyaje?"

"Unapita mikono yote kabla halijapoteza nguvu."

"Kwa nini simalizi mmoja kwanza?"

"Wa mwisho atatoka rangi iliyofifia."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini?"

Nikaenda mbio. Niliuvuta ubao mrefu wa kukandia maandazi, nikawapanga askari wote juu ya vizibo, safu kwa safu. Nikafungua chupa ya nyekundu, nikapita makoti yote kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho. Nilipofika mwisho, wa mwanzo walikwisha kukauka. Nikafungua kahawia, nikapita mikanda. Nikafungua ya ngozi, nikapita nyuso na mikono. Hakuna aliyepata zaidi ya mwenzake, na mkono haukuwa na muda wa kujipendekeza.

Mjomba alikaa na kipepeo cha jiko anawapepea wakauke. Mara namwona bibi anavuta kigoda. Akasema nyuso si zake, macho si yake, ila viatu havina roho: "Nipe hiyo nyeusi." Basi bibi yangu, mpambaji wa maharusi wa Bagamoyo nzima, akapaka viatu vya jeshi la mwanawe, jozi baada ya jozi, midomo kaikaza. Alikuwa hodari kupita mimi, na hakuchovya brashi ovyo. Kukiingia Magharibi anatuamuru tufunge vichupa, kwani rangi inayopakwa kwa taa hukuaibisha asubuhi.

Na kisha ikaja ile siku ya maji meusi. Nilikuwa nimeyaacha niwapake wote kwa mara moja. Nilipita na brashi iliyolowa, mmoja, mwingine, mwingine, na nyuma yangu safu nzima ikawa inaamka. Mikunjo inatokea, ndevu zinatokea, pete za minyororo zinatokea. Mjomba aliacha kupepea. Nilimfanya jemadari mmoja nikadhani nimeonja utamu wote wa kazi hii, kumbe nilikuwa sijaonja kitu. Mmoja akipendeza unampenda yeye. Wote wakipendeza pamoja, wanakuwa jeshi, na jeshi lina sura yake ambayo askari mmoja hana, hata umchore vipi. Nililia kidogo, nikasema ni harufu ya rangi.

Jumamosi tuliwapanga kwenye trei za mayai, kila askari na shimo lake, tukapanda pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka mananasi Dar. Mzee Chande alitupokea mlangoni. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali za nyumbani zote, na mimi nimeshikilia trei roho iko juu. Alipofunua aliinama, akavaa miwani, akatazama mstari mzima mpaka wa nyuma kabisa ambao hakuna anayewatazama. Akamtazama mjomba. Nadhani pale ndipo alipoiona mikono yake na kuelewa ile miaka ya "bado napaka". Alisema, "Pangeni."

Meza ile, mwanangu. Vilima vya makumbi ya nazi yaliyogandishwa kwa gundi, mto wa kioo kilichopakwa buluu kwa chini, vichaka vya sponji. Nilipowaona askari wangu wamesimama juu ya kilima, na jeshi la kijani la Mzee Chande limewakabili ng'ambo ya mto, nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilitaka wapigane na sikutaka waguswe.

Zamu ya kwanza tu, Mzee Chande akaelekeza wapiga mishale wake kwa jemadari. Akapima umbali, akarusha dadu. Jemadari wangu, joho, maua ya piko, hatamu ya nukta za fedha, akalazwa pembeni ya meza. Nilisema "hapana" kwa sauti. Mzee Chande akaniomba radhi kwa uungwana kabisa, na dadu akaziweka mbele ya mjomba.

"Sasa nani anashika bendera?" akauliza. Kwa sheria yao, jemadari akianguka, mpambe wake ndiye anayeongoza, na kama mpambe hayupo mezani vita vimekwisha. Mjomba akamsukuma mbele yule mpambe. Nilikuwa nimempaka pamoja na wengine wote, bila kukumbuka hata cheo chake, na alikuwa amevaa vizuri tu, amesimama. Jasho lilinitoka nikifikiria kwamba ningeendelea na ule ukaidi wangu tungekuwa tunafungasha trei saa ile, na mjomba anarudi kwenye redio yake.

Kisha mjomba akazichukua dadu. Nikaona kidole kimeanza kucheza, na kiganja, na mkono mzima. Nikainamisha macho kama wale wenzake wa barazani. Lakini dadu zikawa zinalia kiganjani mwake, chakacha chakacha, kwa nguvu, zenyewe bila kutikiswa, na Mzee Chande akasema, "Sefu, wengine hapa tunahangaika kuzitikisa." Halafu mjomba akacheka. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nikiwa mdogo, akazirusha, zikatoka sita na sita, na tukapiga kelele sote mpaka mke wa Mzee Chande akaja kuchungulia.

Tulishindwa, nisikufiche. Tulishindwa jua limeinama, mpambe akiwa wa mwisho kuondoka kilimani, na mjomba akimbishia Mzee Chande nusu inchi kwa nguvu zake zote. Kwenye pikapu alizungumza njia nzima: angepeleka farasi kushoto, asingevuka mto mapema. Kesho yake alfajiri alinigongea dirisha. "Mzee Chande anakwenda Mwanza," akaniambia, "nami sina wa kucheza naye, kwa hiyo wewe utajifunza." Na nikajifunza, na jirani naye akajifunza, na ndiyo maana leo Jumamosi ukumbi huu haupitiki kwa meza na viatu vya watoto wa watu.

Sasa nisikilize, maana nimewaona. Mnapaka askari mmoja, mnampiga picha kwa simu, picha inazunguka, sifa zinamiminika, na wenzake kwenye boksi wanakaa kijivu mpaka vumbi linawapanda. Sifa za mmoja ni tamu, nazijua, nilizibeba kwenye pindo la kanga. Lakini kazi uliyopewa ina watu wengi ndani yake, iwe jeshi, iwe darasa, iwe nyumba yenye watoto na wazee. Chupa ukiifungua, pita kwa wote. Yule wa nyuma kabisa, ambaye hakuna atakayemwinamia kumtazama, mpe koti lake na viatu vyake siku ile ile unayompa mkubwa. Hujui zamu ya pili bendera itakuwa mkononi mwa nani. Na ukimwona mtu amejifungia ndani na aibu yake, usimfuate na pole. Mtafutie mahali ambapo wanahitaji mkono wake ulivyo.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisilochoka. Akulinde na kuipenda kazi yako kuliko uliyemfanyia. Akujaalie siku yako ikifika, ya furaha au ya kulazwa pembeni, watu wakitazama nyuma yako waseme: huyu ana watu. Amina, mwanangu. Haya, nipitishie hiyo nyekundu, na uitikise kwanza.